Namba 20 za LUKU Zinasema Nini?



Mwezi wa Novemba mwaka 2024 tulitembelea kikundi kimoja cha kisomo hapa Rujewa, wilayani Mbarali. Mama mmoja alichelewa kufika, na uso wake ulionyesha mashaka. Tulipomwuliza kulikoni, alisema hivi:

"Mwalimu, mita imenikataa. Pesa nimelipa, namba zimekuja, naziingiza, inakataa. Na nyumbani nina vifaranga mia moja wa wiki moja. Usiku huu wakikosa taa, kesho naokota mizoga."

Alitupa simu yake tukasoma ujumbe. Ni kweli, pesa ilikuwa imepokelewa. Lakini safari hii hakupata fungu moja la namba 20 kama alivyozoea. Yalikuja mafungu matatu, na kila fungu lilikuwa na namba 20. Mama alikuwa ameingiza fungu la mwisho tu. Mita ikakataa.

Tumwache mama huyo kidogo. Tutarudi kwake. Kwanza tujiulize: namba hizi 20 ni nini hasa? Zinatoka wapi, na zinasema nini? Anayelijua jibu hahangaiki sana mita ikikataa.

MLANGO NA FREMU

Tuanze na jambo tunalolijua. Kijiji kinajenga darasa. Fundi mwashi anajenga ukuta. Fundi seremala yuko kwake anatengeneza mlango. Kila mmoja ni hodari wa kazi yake. Siku ya kufunga mlango, eti mlango ni mpana kuliko nafasi iliyoachwa ukutani! Nani ana kosa? Ukuta ni mzuri, na mlango nao ni mzuri. Kosa lipo pale vinapokutana. Mafundi hawa hawakukaa pamoja mapema kukubaliana juu ya fremu.

Vyombo vya umeme vyenye akili, kama simu, redio za kisasa na mita za LUKU, navyo hutengenezwa na mafundi wa aina mbili. Wa kwanza hutengeneza vitu vinavyoshikika: waya, swichi, taa na vipande vidogo vya elektroniki. Vitu hivyo huitwa maunzi. Wa pili huandika maagizo ambayo chombo kitayafuata: fanya hiki, kisha kile, na ikiwa hivi basi fanya vile. Maagizo hayo huitwa programu.

Zamani mara nyingi maunzi yalitengenezwa kwanza, na programu ikaandikwa baadaye. Basi yakatokea yale yale ya mlango na ukuta. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wengi walikazania njia nyingine: kubuni maunzi na programu kwa pamoja. Kwanza wanaorodhesha kazi zote. Pili wanazigawa: hii ya maunzi, hii ya programu. Tatu, wanapanga sehemu hizo zitazungumzaje. Hatua hii ya tatu huitwa usanisi wa mawasiliano. Jina ni gumu, lakini maana yake ni nyepesi. Ni kutengeneza njia ya mazungumzo kati ya sehemu mbalimbali za chombo, kwa kujibu maswali haya:

1. Ujumbe upite njia gani?
2. Ujumbe uwe na urefu gani, na ndani yake kuwe na nini?
3. Nani aanze, na nani afuate?
4. Mpokeaji atajuaje kwamba ujumbe umefika salama?

Siku hizi kompyuta zenyewe huwasaidia wataalamu kupata majibu. Mtaalamu huiambia kompyuta sehemu fulani ina mambo gani ya kuiambia sehemu nyingine, kwa haraka kiasi gani. Kompyuta hupendekeza njia inayofaa, na ikiwezekana isiyo na gharama kubwa.

Sasa twende kwenye mita iliyoko ukutani kwako.

KUBISHA HODI NDANI YA MITA

Ndani ya mita zetu za kisasa kuna sehemu inayopima umeme. Kazi yake ni ya haraka mno, kwa sababu umeme wetu hubadili mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde. Kazi kama hiyo hupewa maunzi yaliyotengenezwa kwa kupima tu. Kuna sehemu nyingine, kompyuta ndogo sana, inayofuata programu. Hiyo ndiyo inayotunza hesabu ya uniti zako, inaandika kwenye kioo, na inaamuru swichi ikate umeme uniti zikiisha.

Je, mpimaji anamwambiaje mtunza hesabu? Katika mita nyingi anabisha hodi tu. Kila kipimo fulani cha umeme kikipita, anabisha mara moja. Mtunza hesabu anahesabu hodi. Basi, hawahitaji maneno zaidi.

Unaweza kuziona hodi hizo. Tazama taa ndogo nyekundu inayopepesa kwenye mita. Karibu yake huwa kuna maandishi imp/kWh pamoja na namba, kwa mfano 1000. Maana yake, taa ikipepesa mara 1000, umetumia uniti moja. Pasi yenye nguvu ya wati 1000 humaliza uniti moja kwa saa moja. Pasi hiyo ikiwa moto bila kukatika, taa itapepesa kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Ukizima pasi ukabakiza taa moja tu ya wati 10, itapepesa mara moja kwa dakika sita. Jaribuni wenyewe nyumbani, mtaona chombo gani kinakula umeme.

Nyumba nyingine zina mita juu ya nguzo, na ndani kuna rimoti ya kuingizia namba. Hapo mazungumzo ni ya mbali kidogo. Rimoti za aina moja hutuma ujumbe kwa mawimbi ya redio. Za aina nyingine huupitisha ndani ya waya ule ule wa umeme. Ndiyo maana rimoti za aina hii lazima uzichomeke kwenye soketi. Wabunifu walijiuliza: kwa nini tuvute waya mpya wakati upo waya tayari?

KOMPYUTA YA MBALI NA MITA YA RUJEWA

Sasa tuje kwenye mazungumzo makubwa zaidi. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Hapa kuna vyombo viwili vilivyo mbali sana. Kuna kompyuta ya TANESCO inayouza umeme. Hiyo inajua kwamba umelipa, lakini haina waya wa kuamuru swichi ya nyumbani kwako. Na kuna mita. Hiyo ina uwezo wa kukata na kurudisha umeme, lakini haijui kama umelipa.

Kwanza kazi ziligawanywa. Bei ya umeme na kodi zote hupigwa hesabu na kompyuta ya mbali. Mita haijui shilingi hata moja, inajua uniti tu. Mgawanyo huu una faida kubwa. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukusanywa kwa njia ya LUKU, hakuna fundi aliyepita nyumba kwa nyumba kufungua mita. Mabadiliko yalifanyika upande wa kompyuta tu.

Halafu likaja swali la njia. Ujumbe upite wapi? Utaratibu unaotumiwa na mita za LUKU ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati ule kuvuta waya wa mawasiliano hadi kila mita kungegharimu pesa nyingi mno. Basi wabunifu wakachagua njia rahisi kuliko zote. Njia hiyo ni binadamu. Mtu anunue, apewe namba, azichukue hadi nyumbani, azibonyeze kwa kidole chake.

Ndugu msomaji, njia hiyo ni wewe. Kati ya kompyuta ya umeme na mita yako hakuna waya wa ujumbe. Waya ni wewe mwenyewe, macho yako, kumbukumbu yako na kidole chako.

Na kwa kuwa njia ni binadamu, ujumbe ulipaswa kumfaa binadamu. Uwe na tarakimu tupu, sifuri hadi tisa, ili hata asiyejua lugha ya kigeni aweze kuuingiza. Uwe mfupi kiasi cha kunakiliwa kwenye karatasi. Ukapatikana ujumbe wa tarakimu 20. Tunauita tokeni.

BARUA ILIYOFUNGWA

Tazama sasa ugumu wa kazi. Mita hairudishi jibu kwa kompyuta. Njia ni ya kwenda tu. Kwa hiyo tokeni inabidi ijitosheleze, kama karatasi anayopewa dereva wa lori la mchele linalotoka Rujewa. Karatasi ile husema mzigo ni wa nani, umepakiwa lini, ni magunia mangapi. Anayepokea anahesabu magunia, analinganisha na karatasi. Yakipungua, anajua njiani pametokea jambo.

Tokeni nayo imegawanywa katika vyumba. Vyumba hivyo hupimwa kwa biti. Biti ni nini? Fikiria taa moja ambayo imewaka au imezimika. Hiyo ni biti moja, na inaweza kusema mambo mawili: ndiyo au hapana. Taa mbili zinaweza kusema mambo manne. Taa tatu, mambo manane. Kila ukiongeza taa moja, idadi inazidi mara mbili.

Tokeni yako ina biti 66. Zimegawanywa hivi:

1. Biti 6 zinasema hii ni tokeni ya aina gani, kwa mfano ya kuongeza umeme.
2. Biti 4 ni za bahati nasibu tu, ili tokeni mbili zisifanane.
3. Biti 24 zinasema tokeni imetolewa dakika gani.
4. Biti 16 zinasema umenunua uniti ngapi, hadi sehemu ya kumi ya uniti.
5. Biti 16 ni za ukaguzi, kama kuhesabu magunia.

Jumlisha mwenyewe: 6, 4, 24, 16 na 16. Jumla ni 66. Ukiandika kwa tarakimu za kawaida, namba za biti 66 hazizidi tarakimu 20.

Kisha ujumbe hufungwa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo unahusiana na namba ya mita yako, ile ya tarakimu 11. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako. Mita hufungua ujumbe kwa ufunguo wake, kisha hukagua zile biti 16 za mwisho. Ukikosea tarakimu moja tu, ukaguzi haulingani, na mita inakataa.

Na zile biti za dakika zina kazi gani? Mita hukumbuka tokeni ilizozipokea kwa dakika zake. Ukiingiza tokeni ile ile mara ya pili, inajua kwamba imekwisha kuila. Kwa hiyo mtu akipoteza ujumbe wake anaweza kupewa tena namba zile zile, na hakuna anayeibiwa.

HESABU ILIPOJAA

Sasa tumefika mahali pa shida ya mama yetu.

Wabunifu waliipa saa biti 24. Dakika zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinaweza kuhesabu hadi wapi? Anza na mbili, zidisha kwa mbili, endelea hivyo hadi mara ya 24. Utapata 16,777,216. Hizo ndizo dakika zote zinazoenea humo.

Tupige hesabu. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya 16,777,216 kwa 1,440. Utapata siku 11,650 na kitu. Hiyo ni karibu miaka 32. Ukihesabu kuanzia 1 Januari 1993, unafika tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo debe lilijaa. Mita ambayo isingerekebishwa kabla ya hapo isingepokea tokeni mpya.

Shida hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Mamilioni ya mita katika nchi nyingi, zikiwamo Afrika Kusini na Kenya, zilikuwa na debe hilo hilo. Hapa kwetu TANESCO iliwatangazia wateja warekebishe mita zao kabla ya tarehe hiyo.

Mwingine atauliza: kwa nini hawakuongeza biti? Wangeongeza moja tu, miaka 32 ingekuwa karibu 64. Ni kweli. Lakini kumbuka kwamba njia ni binadamu. Chumba kikikua, ama chumba kingine kipungue, ama tokeni irefuke. Punguza ukaguzi, na makosa yatapita. Punguza uniti, na mwenye mashine ya kukoboa mpunga atanunua umeme kidogo kidogo. Refusha tokeni, na watu watakosea zaidi kubonyeza. Kupanga mazungumzo ya vyombo ni kupima haya yote kwa pamoja. Aliyechagua biti 24 alipata ujumbe mfupi, na deni likalipwa na watu wa mwaka 2024.

Na marekebisho yalifanywaje? Kwa njia ile ile, yaani wewe. Mita ilihitaji kupewa ufunguo mpya wa siri. Lakini ufunguo huo ni mrefu, hauenei katika tokeni moja pamoja na maelezo mengine. Basi ukakatwa vipande viwili. Fungu la kwanza la namba 20 lilibeba nusu ya ufunguo. Fungu la pili lilibeba nusu nyingine. Fungu la tatu lilikuwa umeme wenyewe, uliofungwa kwa ufunguo mpya.

Sasa umeona kwa nini mama alikataliwa? Aliingiza la tatu kwanza. Mita ilijaribu kulifungua kwa ufunguo wa zamani. Ni kama kumpa mtu sanduku lenye kufuli jipya wakati ana funguo za zamani mfukoni.

TURUDI KWA MAMA

Jioni ile tulikwenda naye hadi nyumbani. Kiza kilikuwa kinaingia. Vifaranga walikuwa wamejikusanya kwenye pembe moja ya boksi, wanalia. Mwenzetu mmoja alitaka kuishika simu abonyeze yeye. Mama akasema: "Acha, Mwalimu. Nisome mwenyewe."

Alinakili mafungu yote matatu kwenye daftari lake la kisomo, akayagawa nne nne kama tulivyozoea kuandika namba kubwa. Akabonyeza la kwanza. Akasubiri. Mita ikakubali. Akabonyeza la pili, nalo likakubaliwa. Alipoingiza la tatu, uniti zikaonekana kwenye kioo na taa ya vifaranga ikawaka. Hakusema kitu. Aliinama tu akawasogeza karibu na joto.

Zamani mama huyu alikuwa akimpa kijana wa jirani simu, na namba ya siri pia, amnunulie umeme. Siku hizi hampi mtu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma ujumbe wote kabla ya kubonyeza. Kukiwa na fungu zaidi ya moja, fuata mpangilio: la kwanza, la pili, la tatu.
2. Kabla ya kulipa, hakikisha tarakimu zote 11 za namba ya mita. Ukilipia mita ya mtu mwingine, tokeni itamfaa yeye.
3. Andika namba 20 katika mafungu ya nne nne. Utakosea mara chache.
4. Usibonyeze ovyo kwa hasira. Mita nyingine zikikosewa mara nyingi hujifunga kwa muda.
5. Namba 20 si siri, kwa sababu zinafungua mita yako tu. Namba ya siri ya simu yako ndiyo siri. Usimpe mtu.
6. Mita ikikataa hata baada ya kufuata mpangilio, nenda ofisi ya umeme ukiwa na ujumbe wako na namba ya mita.

Zipo sasa mita za aina mpya, ziitwazo mita janja, ambazo hupokea ujumbe kwa njia ya hewani bila mtu kubonyeza. Kwa mita hizo wabunifu wamechagua njia nyingine. Lakini bado mamilioni ya mita zinakungoja wewe ulete barua. Na saa za tokeni bado ni za biti 24. Kwa mita ambazo mwanzo wa hesabu ulihamishwa kutoka mwaka 1993 hadi mwaka 2014, debe litajaa tena Novemba 2045. Watoto wetu wa shule ya msingi ndio watakaobonyeza siku hiyo. Tuwafundishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mita haihitaji kujua bei ya umeme?
2. Tazameni taa nyekundu ya mita. Zimeni vyombo kimoja kimoja. Chombo gani kinaifanya ipepese haraka zaidi?
3. Biti 10 zinaweza kusema mambo mangapi? Anzeni na mbili, mzidishe.
4. Katika kijiji chenu ni kazi gani iliyowahi kuharibika kwa sababu mafundi wawili hawakupatana mapema?
5. Nani katika kikundi bado anampa mtu mwingine simu yake amnunulie umeme? Saidianeni wiki hii anunue mwenyewe.